Simu Kimeo na Watu Wasioambiwa: Barua ya Wazi Kutoka Meza ya Fundi, Kariakoo

Kwenu wakuu mnaosimamia mawasiliano, ushindani wa biashara na ubora wa bidhaa. Nakala kwa wanaoingiza simu nchini na wanaozikopesha.

YAH: SIMU ZENYE UGONJWA UNAOJULIKANA

Shikamooni wakubwa.

Tulipokuwa wadogo tulifundishwa kuanza barua kwa "mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Mimi ni mzima, ila macho yenyewe ndiyo yameanza kunitoroka. Mwaka wa kumi na sita huu nachungulia bodi za simu kwa lenzi, kwenye meza yenye upana wa mkeka wa swala, hatua chache kutoka Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Wasiwasi juu yenu nitaueleza huko chini.

Wiki iliyopita alikuja mama muuza samaki wa Feri. Kabla hajakaa kwenye stuli nilishajua simu yake inaumwa nini. Niliona kamera zilivyopangwa mgongoni, nikaona alivyoishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota yai la kunguru, nikamuuliza: "Mama, inafika kwenye logo halafu inarudi mwanzo?" Akaniangalia. "Wewe fundi au mganga?" Mganga wapi! Ilikuwa simu ya nne ya aina ile mwezi huo, na zote nne zilikuja na hadithi moja. Ilianza kupata moto, ikawa inajizima mtu akiwa anaongea, ikawa inajiwasha yenyewe usiku, mwisho ikabaki inazunguka kwenye logo kama ngamia wa kinu cha ufuta.

Jina la simu hiyo silitaji. Walioileta wana mawakili, mimi nina bisibisi.

Ila ugonjwa wake si siri. Chini ya prosesa, yaani ubongo wa simu, kuna vipira vya lehemu vidogo kuliko punje ya ulezi, mamia kwa mamia, ndivyo vinavyoishikanisha na bodi. Simu ikipata moto kila kitu kinatanuka, ikipoa kinasinyaa, na bodi na prosesa havitanuki sawasawa. Simu iliyoundwa vizuri inavumilia hilo kwa miaka. Hii haivumilii. Vipira vinaachia kimoja kimoja, na kuna siku kinaachia kile ambacho bila hicho simu haiwezi hata kumaliza kuwaka. Kila fundi wa jengo letu anajua. Kwenye grupu letu la mafundi tumeshaipa simu hiyo jina la utani, nalo pia silitaji kwa sababu lina matusi. Wauzaji wa spea wanajua, maana bodi zake ndizo zinazoulizwa kuliko vioo vyake. Asiyejua ni mmoja tu, yule aliyetoa pesa yake.

Mama alikuwa ameichukua kwa mkopo, kianzio kwanza halafu makato ya kila siku kwa mwaka mzima. Alikuwa mwezi wa saba. Dukani alikotoa kianzio walimwambia imeingia maji, kwa hiyo waranti haimhusu. Muuza samaki, barafu, Feri: nani asingeamini? Nikaifungua. Ndani ya simu nyingi kuna vistika vyeupe ambavyo vikiguswa na maji vinageuka vyekundu. Vya kwake vilikuwa vyeupe pee. Nikampa lenzi achungulie mwenyewe. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniomba nivipige picha kwa simu yangu, "nikawaonyeshe". Sijui kama alienda. Ninachojua ni kwamba makato yaliendelea. Simu imekufa, deni liko hai.

Laini yake niliihamishia kwenye kitochi, kwa hiyo pesa zake hazikuguswa. Kilichokuwa kinamtoa machozi ni picha, wala si za wajukuu. Alikuwa na mazoea ya kupiga picha daftari la wanaochukua samaki kwake kwa mali kauli, na daftari lenyewe lilishalowa zamani. Nani anadaiwa kiasi gani, yote yamo ndani ya simu inayozunguka kwenye logo.

Sasa niwaambie tunavyoishi na simu kama hizi, maana nadhani hamjawahi kuona. Niliifunga simu ya mama kwenye nailoni mbili, nikaenda kwa jirani yangu muuza barafu za ubuyu, nikamwomba nafasi kwenye friza. Baada ya nusu saa niliitoa, nikaiunga kwenye kompyuta upesi, ikawaka. Baridi ilikuwa imevisogeza vile vipira vikagusana kwa muda. Nikavuta picha kwa haraka ya mtu anayeokoa vitu kwenye nyumba inayoungua, dakika kumi na kitu hivi, ikazima. Asilimia kubwa nilizipata. Hiyo ndiyo teknolojia yetu, wakubwa: simu imelala katikati ya ubuyu na maziwa ya mtindi. (Na msiige nyumbani bila kuifunga, ukungu ukiingia ndani hiyo stika nyeupe itageuka nyekundu kweli.)

Baada ya hapo nikaipiga bodi hewa ya moto kwa flaksi, yaani dawa ya kusaidia lehemu ishike, lehemu ikalainika ikashika tena. Simu ikawaka, mama akacheka, nikamwambia ukweli kabla hajatoa pesa: hii ni panadol. Inaweza kwenda wiki tatu, inaweza kwenda miezi mitatu. Akaniuliza itapona lini. Nikamwambia mama, hii haitapona, ilizaliwa hivi.

Na hapa ndipo penye kidonda changu. Si wateja wote ninaopata nafasi ya kuwaeleza, na si wote wanaoamini. Simu ikirudi kufa baada ya wiki tatu, mtu hamfuati aliyeiunda. Yuko mbali, hana stuli ya kukalia. Anamfuata fundi. "Ulibadilisha kitu ndani." "Ulichomoa spea nzuri ukaweka mbovu." Nimeitwa mwizi mbele ya watoto wangu kwa kosa lililofanyika kiwandani, bara jingine, na mtu nisiyemjua. Mwaka jana kijana mmoja alinipeleka mpaka serikali ya mtaa. Mjumbe alinisikiliza, akasema, "Sasa fundi, kama hii simu inajulikana ni mbovu, mbona serikali haijasema?" Nilikosa jibu. Ndiyo sababu nawaandikia.

Msidhani ni maneno ya fundi mwenye hasira. Mambo haya yametokea kwa makampuni makubwa kabisa, yakaandikwa, yakafika mahakamani, na wenye makosa wakatoa pesa. Chukueni LG G4, simu ya mwaka 2015, nyuma yake ngozi, kamera nzuri ajabu kwa wakati wake. Ilianza kufanya hayahaya ya kurudi kwenye logo. Januari 2016 LG wenyewe walikiri kwamba tatizo ni vipande ndani ya simu kutogusana sawasawa. Nexus 5X, ambayo LG iliiundia Google mwaka huohuo, ikaumwa vilevile. Vijana wa programu huko nje walibuni dawa ya kushangaza. Prosesa ya 5X ina viini sita, viwili vikubwa na vinne vidogo, wakaandika programu ya kuvizima vile viwili vikubwa simu itembee kwa vinne. Ilikuwa polepole kama bajaji iliyobeba simenti, ila iliwaka. Nimeifanya kazi hiyo kwa mikono yangu, na nakiri nilimheshimu sana aliyeibuni.

Wamarekani wao hawakuishia kwenye friza. Walifungua kesi California, na mwanzoni mwa 2018 waliolalamika wakapewa kuchagua: dola 425 taslimu au punguzo la dola 700 kwenye simu nyingine ya LG. Mwaka huohuo mimi nilikuwa bado nazipiga moto G4 hapa Kariakoo, nyingine zikiwa ndiyo kwanza zimeshushwa kama "yuzidi safi kutoka nje". Jiulizeni simu hizo zilitoka wapi na kwa nini ziliuzwa rahisi. Mwenyewe kalipwa, mzigo ukaja kwetu. Aprili 2021 LG wakatangaza kuacha kabisa biashara ya simu, kwa hiyo leo hata ukitaka kulalamika huna mlango wa kugonga.

Au iPhone 6 Plus, ya 2014. Juu ya kioo unatokea mstari wa kijivu unaochezacheza, halafu tachi inakataa. Ukiikunja kidogo kwa mikono inafanya kazi, ukiachia inakataa. Mafundi wa Marekani ndio waliopiga kelele kwanza mwaka 2016: bodi inapinda mfukoni, lehemu ya chipu za tachi inapasuka. Novemba mwaka huo Apple wakafungua mpango wa kuitengeneza kwa dola 149, na kwa sharti kioo kisiwe kimepasuka, huku wakisema ni simu zilizoangushwa mara nyingi. Mwaka 2018 karatasi za mahakamani zikatoka zikionyesha kwamba vipimo vyao wenyewe, kabla simu haijaingia sokoni, vilikuwa vimewaambia 6 Plus ina uwezekano wa kupinda mara 7.2 kuliko 5s. Walijua. Na kuanzia Mei 2016 walishaanza kuongeza gundi chini ya chipu hizo kwenye bodi mpya, kimyakimya.

Hapa kwetu nani alimwambia mtu kuhusu huo mpango wa dola 149? Nilikuwa nabadilisha vioo vya 6 Plus, kimoja baada ya kingine, kwa sababu mteja anasema kioo na mimi mwanzoni nilidhani kioo. Kioo kipya kinawekwa, baada ya wiki mstari umerudi. Pesa za wateja hao niliwahi kuzirudisha baadhi, si zote. Nilichelewa kujua kama walivyochelewa wao.

Ya karibuni zaidi ni Google Pixel 6a. Pixel hazina muuzaji rasmi nchini kwetu, lakini tembeeni Kariakoo mhesabu. Vijana wanaipenda kwa kamera, na yuzidi yake inauzwa bei ya simu mpya ya daraja la chini. Julai 2025 Google walituma apdeti ya lazima: 6a ambayo betri yake imeshachajiwa mara 400 inapunguziwa uwezo wa betri na kasi ya kuchaji, kwa sababu ya hatari ya kupata moto kupita kiasi. Kama fidia, mwenye simu abadilishiwe betri bure, au achukue dola 100 taslimu, au dola 150 za kununulia Pixel nyingine. Kwa nchi zilizo kwenye orodha yao. Sisi hatumo. Kilichotufikia ni ile apdeti peke yake. Ndani ya wiki hizo nilipata vijana wengi wamenuna: "Fundi, betri yangu imeuawa, niwekee nyingine." Hawakujua kwamba imepunguzwa makusudi ili isiwaunguze. Wengine walikuwa wanatafuta namna ya kuiondoa hiyo apdeti, waendelee kulala na simu chini ya mto ikichaji. Na betri za badala zinazopatikana sokoni, wakubwa, nyingine nikizishika tu nazirudisha kwa aliyeniuzia.

Nimefika kwenye ombi langu. Ni dogo, na vyombo vya kulitekeleza mnavyo tayari.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka yenu ya mawasiliano, ilizima simu bandia nchi nzima. Kenya walishafanya hivyo mwishoni mwa Septemba 2012. Nakumbuka asubuhi yake hapa mtaani ilikuwa kama sikukuu na msiba kwa pamoja. Tulifundishwa wote kubonyeza *#06#, simu inatoa namba ya IMEI, tarakimu 15, unaituma kwenda 15090, unajibiwa simu yako ni aina gani. Kwa hiyo mtandao unaijua kila simu iliyowashwa. Na sisi mafundi tunajua kitu ambacho wengi hawajakitilia maanani: tarakimu 8 za kwanza za IMEI si za simu moja, ni za modeli. Modeli moja inaweza kuwa na seti kadhaa za tarakimu hizo, ila simu zote zinazoanza na seti moja ni za modeli hiyohiyo.

Basi. Kama kwa namba hizo mliweza kumzimia mtu simu yake, kwa namba hizohizo mnaweza kumtumia ujumbe. Kampuni ikitangaza popote duniani kwamba modeli fulani ina kasoro, iwe inairudisha, iwe inabadilisha betri, iwe imelazimishwa na mahakama, ninyi chukueni zile tarakimu 8, waambieni mitandao ya simu itume ujumbe kwa kila laini iliyo ndani ya simu hizo. Kwa Kiswahili. Nimeshauandika, mkitaka mnakili: "Simu unayotumia ni ya aina ambayo mtengenezaji amekiri ina kasoro ya betri. Usiichaji ukiwa umelala. Hifadhi picha na namba zako sehemu nyingine. Una haki ya kuuliza uliponunua." Maneno ishirini na kitu. Tunapokea ujumbe wa bahati nasibu kila siku ulio mrefu kuliko huo.

Hili si jambo la kutunga mimi. Samsung Galaxy Note 7 ilipoanza kuwaka moto mwaka 2016, iliingia sokoni Agosti, Septemba wakaanza kuzirudisha milioni 2.5, walizowapa watu badala yake nazo zikawaka, Oktoba wakasimamisha utengenezaji. Bado kuna watu walizing'ang'ania. New Zealand walifanya nini? Kuanzia tarehe 18 Novemba IMEI za simu hizo zikafungiwa kwenye mitandao ya nchi nzima. Mimi siombi mzime. Mama wa Feri mkimzimia simu mtakuwa mmemwongezea msiba. Naomba mseme.

Najua mtajibiwa nini na wafanyabiashara. Kwamba mtaleta taharuki, kwamba mtaua soko. Hao wafanyabiashara wengine ni marafiki zangu, nakula nao wali maharage, na mizigo yao ndiyo inayonipa kazi. Nawaambia hapa mbele ya watu: soko limeshakufa kwa mtu mmoja mmoja, ila wanaokufa nalo hawana pa kusemea. Mtu akishaumwa na simu moja haamini tena hata nzuri. Na kuna hasara nyingine. Muuzaji mkweli, anayemwambia mteja "hii chukua lakini ina tatizo hili, ndiyo maana nimekushushia elfu themanini", leo anaonekana mjinga mbele ya jirani yake aliyenyamaza.

Mtauliza pia kuhusu sheria. Mimi si mwanasheria, ila mtoto wa dada yangu anasoma sheria na tumekaa naye. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndani yake mna ulinzi wa mlaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imekuwepo tangu enzi za babu zetu, na inamtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kwa kazi ambayo kimenunuliwa. Wenzetu Kenya wameliandika hadi kwenye Katiba yao ya 2010, Ibara ya 46, kwamba mlaji ana haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na haki ya kupata taarifa. Kwa hiyo karatasi zipo. Ila mama wa Feri hawezi kwenda kudai haki kwa kitu ambacho hajui kwamba kinajulikana. Akienda na picha ya stika nyeupe ataambiwa "fundi wako kakudanganya". Akienda na ujumbe wenye jina la mamlaka kwenye simu yake, mazungumzo yataanza kwingine.

Kwa wanaokopesha simu nina neno moja tu, na nalisema kwa adabu. Programu yenu inajua dakika ambayo mteja hajalipa, inafunga simu. Basi ijue pia siku simu ilipoacha kuwaka. Modeli ikishatangazwa ina kasoro, makato yasimame mpaka mteja apate simu inayofanya kazi. Hamuwezi kumdai mtu nauli ya basi lililomshusha njiani.

Na waagizaji: mnajua makontena yenu yametoka wapi. Andikeni kwenye risiti.

Nisijifanye malaika. Upande wetu una uozo wake. Wapo mafundi wanaosikia "inarudi kwenye logo", wanajua fika ni lehemu, wanamwambia mteja ni programu, wanaiflashi, wanachukua elfu kumi na tano na simu inakufa akiwa bado kwenye mwendokasi. Wapo wanaompa mtu betri iliyochomolewa kwenye simu nyingine ikiwa imezungushiwa nailoni mpya. Na mimi mwenyewe, mwaka 2017, niliipiga moto G4, ikawaka vizuri, nikamuuzia mwalimu mmoja wa shule ya msingi bila kumwambia. Nilikuwa na kodi ya fremu. Alirudi baada ya siku ishirini na moja, hakugomba hata kidogo, aliiweka tu mezani akasema "fundi, imechoka". Nilimrudishia nusu. Ile nusu nyingine bado inanidai, na kama anasoma hapa, mwalimu, kibanda ni kilekile.

Kwa kuwa majibu ya barua kama hizi yana mwendo wake, na kwa kuwa wengine watakaoisoma wana simu za namna hii mfukoni, acha niseme ninachowaambia wateja. Ikianza kujizima yenyewe hata mara moja, siku hiyohiyo hamisha picha na namba, usingoje ya pili. Usiivalishe kava nene ya mpira ukiwa unatumia data juani, itoe ipumue. Kuchaji huku unacheza gemu ndiyo njia ya mkato ya kuja kuniona. Mfuniko wa nyuma ukianza kuinuka au kioo kikianza kuachia pembeni, hiyo ni betri imevimba. Usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa hewa (mmoja alitumia pini ya hijabu, nywele za kope zilichukua miezi kuota), izime, iweke mbali na godoro, ilete. Risiti ipige picha, uitume kwa ndugu, maana wino wa risiti za mashine unafutika kabla ya waranti kwisha. Na kuwa na kitochi. Si aibu. Mimi mwenyewe ninacho.

Nilisema wasiwasi wangu juu yenu nitaueleza. Ni huu: kwamba mtaisoma barua hii mkadhani naomba maabara, bajeti, kamati na safari ya mafunzo. Siombi hivyo. Taarifa za kasoro zinatangazwa na makampuni yenyewe bure. Namba mnazo. Mitandao ya simu iko chini ya leseni zenu. Kama hamna mtu wa kuunganisha modeli na tarakimu zake 8, mimi ninalo kaunta buku, jalada jekundu, nimeanza kuliandika mwaka 2016 baada ya ile zimazima. Kila simu inayokuja na ugonjwa wa kuzaliwa naandika modeli, tarakimu 8 za kwanza, inaumwa nini, na ilirudi baada ya siku ngapi. Majina ya wateja sikuandika. Kurasa zilizojaa ni nyingi kuliko zilizobaki, na chache zina madoa ya chai.

Tumeni mtu aje alipige picha. Siku yoyote ya kazi kuanzia saa tatu asubuhi nipo, isipokuwa Ijumaa mchana nakuwa msikitini. Akifika aulize fundi aliye jirani na friza la barafu za ubuyu.

Wenu mtiifu,
Fundi simu, Kariakoo, Dar es Salaam